Rekodi za bendi ya hadikoo: fuata tarehe ya kurekodi, na ujue nani alikuwa chumbani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Bendi ya hadikoo panki (hardcore punk, roki ya kasi na makelele) ya mtaani kwenu ina demo moja, yaani rekodi ya majaribio, santuri mbili ndogo na albamu, na unataka kujua uanzie wapi. Pia unashangaa kwa nini wimbo uleule unausikia umebadilika kila rekodi hadi unadhani ni bendi nyingine. Nimefuatilia bendi ya namna hiyo tangu kaseti yao ya kwanza mpaka walipovunjika, kwa hiyo univumilie, nitaandika kwa kirefu.

La kwanza halina maneno mengi. Anza na santuri ya kwanza, rudi kwenye demo, kisha songa mbele ukifuata tarehe za kurekodi, si tarehe za kutoka. Wengi hupotea hapo. Chukua bendi mbili za hadikoo za Marekani, Bad Brains na Minor Threat. Black Dots ya Bad Brains ilitoka 1996, lakini ilirekodiwa 1979, kabla hata ya singo yao ya kwanza ya 1980. Demo ya Minor Threat ya 1981 ilitolewa 2003, miaka ishirini baada ya bendi kuvunjika. Ukizipanga kwa mwaka wa kutoka, hadithi yote inageuka kichwa chini.

Bendi niliyoifuata nayo ilinifanyia hivyo. Walitoa santuri ya pamoja na bendi nyingine, upande mmoja mmoja, miezi kadhaa baada ya albamu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mpiga ngoma mpya ameanza kupiga kama yule wa zamani, na nikawaambia watu hivyo. Siku moja nikamuuliza mpiga besi, akanijibu kwamba nyimbo zile mbili zilirekodiwa kabla ya albamu na zikakaa kwenye kabati. Aliyekuwa anapiga ni yule wa zamani mwenyewe. Tangu siku hiyo sisikilizi rekodi ya bendi ndogo bila kuuliza kwanza: ni lini, na nani alikuwa chumbani?

Sasa hilo la wimbo kubadilika. Kuna sababu za mashine na kuna sababu za watu. Zitenganishe kabla hujailaumu bendi.

Nianze na mashine. Demo ya bendi niliyoifuata ilikuwa kaseti, nyimbo saba ndani ya dakika kumi na moja, imerekodiwa chumba cha mazoezi kwa maikrofoni mbili. Nakala yangu nilikabidhiwa na mpiga ngoma mkononi. Miaka ikapita, mtu akaiweka demo hiyohiyo kwenye intaneti. Sekunde kumi za mwanzo zilitosha kunishtua: sauti imepanda, mwimbaji anasikika kama mtoto ambaye hajabalehe, na wimbo wa kwanza, ambao kwenye kaseti yangu una sekunde 70, umeisha kwenye 66.

Mota za vinasa sauti hazizunguki sawa. Kile kinachorekodi kikienda polepole wakati wa kunakili, nakala hiyo ukiicheza kwenye kingine inakimbia. Lakini ipi ilikuwa sahihi? Kusema ni yangu kwa sababu ni yangu si ushahidi. Nikamuuliza mpiga gitaa siku zile walikuwa wanakaza nyuzi vipi, akasema walikuwa wakizishusha nusu toni (hatua moja ndogo ya sauti) kila mara kwa sababu mwimbaji alikuwa hafiki juu. Nikachukua gitaa, nikalishusha nusu toni, nikapiga pamoja na kaseti yangu. Sauti zikalingana. Ile ya mtandaoni ilikaa kwenye gitaa ambalo halijashushwa. Nusu toni ni karibu asilimia sita ya mwendo, na asilimia sita ya sekunde 70 ndizo hizo sekunde nne zilizopotea. Hesabu ikafunga. Watu walikuwa wameshaanza kuandika kwamba bendi ilikuwa na kasi ya ajabu mwanzoni na baadaye ikachoka, kumbe kasi yenyewe ilikuwa ya mota.

Usidhani haya ni ya bendi ndogo tu. Rock for Light ya Bad Brains, iliyotayarishwa na Ric Ocasek mwaka 1983, ilitolewa tena 1991 ikiwa imechanganywa upya na mwendo umeongezwa. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana vikali juu ya uimbaji wa albamu hiyo, mmoja ameshika toleo hili, mwenzake lile, na hakuna aliyejua.

Sababu za watu ni nzito zaidi. Chukua huohuo wimbo wa kwanza wa demo. Kwenye demo una sekunde 70, kwenye santuri ya kwanza 62, kwenye albamu 84.

Kwenye demo bado wanautafuta. Mpiga ngoma anaongeza mwendo kila wanapokaribia kiitikio, gitaa linamkimbilia, na wakifika wote wanafika wanahema. Kufikia santuri walikuwa wameshaupiga jukwaani karibu mwaka mzima na miili yao imeuzoea. Walirekodi wote pamoja katika chumba kimoja, wanatazamana. Ni sauti ya mwimbaji tu iliyoongezwa baadaye. Ukirekodi hivyo, ngoma inavuja kwenye maikrofoni ya gitaa na gitaa linavuja kwenye maikrofoni za ngoma, kwa hiyo huwezi kumfuta mmoja akikosea. Ama mnarudia wote, ama kosa linabaki.

Na kosa lilibaki. Weka santuri, sikiliza sekunde ya arobaini: besi inaingia pigo moja kabla ya wenzake. Mpiga besi aliniambia alitaka warudie, lakini muda wa studio ulikuwa unaisha na nyimbo mbili bado hazijaguswa. Wakaliacha. Kilichofuata ndicho kilichonifanya niipende bendi hii kuliko zote: kwenye maonyesho ya baadaye wakaanza kuupiga wimbo na lile kosa, kwa makusudi. Besi inatangulia, nusu ya pigo kimya, kisha wote wanaanguka juu yake. Watu waliokuwa na santuri walikuwa wanaruka kwa besi, sio kwa gitaa. Ungeweza kuwatambua kwa macho.

Kwenye albamu wakalirekebisha.

Mpiga ngoma wa albamu alikuwa fundi kuliko wa kwanza, nalisema hilo bila kinyongo. Ana nguvu, ana mikono safi. Lakini walimrekodi peke yake akifuata metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya mwendo usiobadilika, kisha gitaa likawekwa tabaka nne, kisha besi, mwisho sauti. Metronomu haijui kiitikio kinakaribia. Ule mwendo uliokuwa unapanda umenyooshwa, besi imerudishwa mahali pake, na wimbo umekuwa mrefu kwa sekunde 22 bila neno hata moja kuongezwa. Nyimbo tatu za zamani walizozirekodi upya kwenye albamu ile sizisikilizi.

Nyimbo tisa mpya za albamu hiyohiyo ni jambo jingine kabisa. Zilitungwa na mpiga ngoma mpya akiwa amekaa nyuma yao, zikatungwa kwa ajili ya mikono yake: zinapunguza mwendo ghafla katikati, zinaacha nafasi ya ngoma kubwa kupumua. Zile tisa ni kazi bora waliyowahi kufanya. Waliosema albamu ni mbovu walikuwa wamesikia zile tatu, nao waliosema ni nzuri walikuwa wamesikia tisa. Nyimbo za zamani zilitungwa na mwili wa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwepo tena.

Kurekodi upya si lazima kuharibike. Minor Threat walirekodi Out of Step mwaka 1981 wakiwa wanne, wakaurudia 1983 wakiwa watano, Brian Baker akiwa amehama kutoka besi kwenda gitaa la pili na Steve Hansgen ameshika besi. Mimi naupenda huo wa pili, kwa sababu wimbo ulikuwa na nafasi ya kubeba gitaa jingine. Ukitaka kuzoeza sikio lako, tafuta pia Everything Went Black ya Black Flag, bendi nyingine ya hadikoo ya Marekani, mkusanyo wa 1982 wa rekodi zao za kabla ya mwimbaji Henry Rollins kujiunga: waimbaji watatu, na baadhi ya nyimbo zinarudi kwa sauti tofauti. Ukishaweza kusema nini kimebadilika kutoka koo moja hadi jingine, utaweza kuisikia bendi yako.

Kuhusu maneno: omba karatasi ya mashairi. Kwenye demo nilisikia mstari mmoja vibaya kwa miaka miwili, nikaupenda hivyohivyo, mpaka karatasi iliyokunjwa ndani ya santuri iliponionyesha kwamba mwimbaji anamzungumzia kaka yake, sio adui. Wimbo mzima ukageuka.

Sasa utunzaji, na hapa nakuomba usichelewe. Walirekodi nyimbo nyingine tatu baada ya albamu, zikabaki kwenye mkanda wa studio zikisubiri kuchanganywa. Bendi ikagombana, hakuna aliyeufuata mkanda, na studio ikarekodi kazi ya mtu mwingine juu yake. Nilizisikia mara moja tu, kwenye gari la mpiga gitaa, kutoka nakala ya kusikilizia ambayo nayo imepotea. Moja ilikuwa na mwanzo wa besi peke yake. Naukumbuka huo mwanzo, mengine yamenitoka.

Kwa hiyo: kaseti ukiipata tu, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa juu ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Inakili kwenye kompyuta kwa faili lisilobanwa au FLAC (inayobana bila kupoteza sauti), usiishie kwenye MP3. Usiondoe ule mvumo wa "ssss" wa mkanda kwa programu. Ukiutoa, unatoka na matoazi. Piga picha jalada pande zote, na uandike kando jina la aliyekupa, kama ni kaseti ya kwanza au nakala ya nakala, nani alipiga nini, na walirekodi mwezi gani. Waulize wenyewe sasa, wakiwa bado wanazungumza. Mkusanyo wa bendi niliyoifuata ulipotoka walikuwa wamebadilisha majina ya nyimbo mbili na wamesahau kabisa nani alipiga ngoma kwenye santuri ya pamoja. Jibu lilitoka kwenye daftari langu.

Umesema santuri ya pili ya bendi ya mtaani kwenu huna uhakika ilirekodiwa kabla au baada ya mpiga gitaa kubadilika. Itoe kwenye jalada, iinamishe kwenye mwanga, utazame sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Mara nyingi kuna namba ya toleo imechongwa pale, na mara nyingine bendi huchonga neno lao wenyewe. Namba haitakupa tarehe ya kurekodi, lakini inaweza kukuonyesha kama nakala yako ni ya chapa ya kwanza au ya baadaye, na hapo utajua jalada lipi la kuliamini. Niandikie hapa pamesemaje, upande A na upande B.