Juisi ya ndimu barazani: mauzo shilingi 620, hasara shilingi 250

Desemba iliyopita, wiki ya pili ya likizo, binti yangu wa miaka 11 aliniletea bakuli la sarafu akalimimina mkekani. Tukahesabu pamoja: shilingi 620. Alikuwa ameshinda na juisi ya ndimu hapo barazani kwetu, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, akiuza glasi moja shilingi 20, na uso wake ulikuwa uso wa siku ya Idi. Swali lake la kwanza lilikuwa baiskeli: bado wiki ngapi?

Nikachukua kalamu. Ndimu 30 za duka la jirani, kumi kumi: 300. Sukari kilo moja: 170. Maji ya kunywa lita 10: 50. Barafu: 100. Vikombe vya karatasi, pakiti ya 50: 250. Jumla 870. Vyote vilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo machoni pake vilikuwa vya bure, kama mvua. Mtoto alikuwa amekula hasara ya shilingi 250 na hana habari.

Bibi yake alinikonyeza nisimwambie. "Mwache mtoto afurahi." Usiku ule nilimwacha. Asubuhi nikamwambia, akalia kidogo, kisha akauliza swali ambalo watu wazima wengi wenye vibanda hawajawahi kujiuliza: "Sasa kila glasi inanigharimu ngapi?"

Ndiyo maana nasema, ukitaka mwanao afanye biashara ya juisi, usimpe mtaji. Mkopeshe. Nilimnunulia daftari la kurasa 32 tukaandika ukurasa wa kwanza kwamba yeye hanidai kitu, mimi namdai 250, naye atalipa 50 kila siku atakayouza. Alimaliza kwa siku tano. Na tangu hapo kitu chochote kinachotoka jikoni kwangu kwenda kwenye ndoo yake kinaandikwa, hata kipande cha tangawizi. Jirani mmoja aliniona mchoyo. Lakini mtoto ambaye sukari yake inalipwa na mama kwa siri hafanyi biashara, anacheza duka.

Tulipokaa na daftari, cha kwanza kilichotutazama machoni kilikuwa kikombe. Kikombe cha karatasi shilingi 5, juisi shilingi 20: robo ya bei inatupwa jalalani. Tukahamia glasi za kabatini. Siku ya kwanza zikavunjika mbili, na moja ilikuwa ya seti ya harusi yangu (hiyo sikuiandika daftarini, niliiandika moyoni). Mwishowe tukanunua bilauri 12 za plastiki ngumu na mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la mwisho lenye maji ya moto. Wanaotaka kubeba nyumbani waje na jagi au chupa yao safi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na chupa za kuokota hatuzigusi. Mwenye jagi anapimiwa lita kwa 70 badala ya 80. Wateja hao nawapenda kuliko wote, maana hawaachi chombo cha kuosha.

Cha pili kilikuwa ndugu. Siku ile ya kwanza ndoo ilitoa glasi 40, zilizolipiwa ni 31. Tisa waliokunywa bure ni binamu zake, mjomba wake, na rafiki wa mjomba wake aliyekuja "kuonja tu". Hapa kwetu kumnyima mtu kinywaji mlangoni mwako ni aibu, na sikutaka kumfundisha mtoto uchoyo kwa jina la biashara. Tukapatana hivi: glasi moja kwa siku ni ya mwenye ndoo. Mgeni akija nyumbani akahitaji kukirimiwa, mwenye mgeni ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayenunua glasi ile. Mjomba mtu alipoambiwa bei alicheka hadi akakohoa, lakini alilipa.

Sasa juisi yenyewe, maana bei nzuri haiokoi juisi mbaya. Ndimu ngumu za kijani kibichi zinavutia macho lakini zina maji kidogo. Chagua yenye ngozi nyembamba na laini, inayoanza kugeuka rangi, na nzito mkononi. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Mtoto anaipenda sana kazi hii, na utaona mwenyewe tofauti ya maji yanayotoka. Usiminye mpaka maganda yalie, uchungu umekaa humo na kwenye kokwa. Ndimu zilizokamuliwa jana pia huchachuka ladha, kwa hiyo kamua za siku ile ile.

Sukari ikimwagwa kwenye maji baridi hukaa chini ya ndoo. Wateja wa kwanza wanakunywa ukali, wa mwisho wanakunywa shira. Sisi huchemsha sukari yote kwa maji kidogo pamoja na tangawizi iliyopondwa, tukaacha ipoe, ndipo tunachanganya. Lita 10 za maji, ndimu 30, sukari kilo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Na usichanganyie kwenye sufuria ya alumini. Ndimu inaila alumini, na juisi inatoka na ladha ya chuma. Ndoo ya plastiki ya kuwekea chakula, yenye kifuniko, inatosha. Maji yawe ya kunywa hasa, yaliyochemshwa au ya kununua. Ya bomba hapa Mji wa Kale huja kwa ratiba yake yenyewe, ya kisima yana chumvi, na Mombasa si ngeni kwa kipindupindu. Mtoto akigawa tumbo la kuendesha mtaa mzima, hakuna daftari litakalomwokoa.

Nifike kwenye barafu, ingawa naona haya. Siku ya nne nilichelewa kurudi, barafu ya nyumbani ilikuwa haijaganda, na binti akakimbia kununua pande moja mahali wavuvi wanaponunulia. Bei nzuri, pande kubwa. Alilivunja akalitia lote ndooni. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja anayepita akitoka kuswali alasiri. Akapiga funda moja, akanyamaza, akaitazama glasi.

"Mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "hizi ndimu zimevuliwa wapi?"

Ndoo nzima ilimwagwa. Tukaandika hasara 430. Tangu siku hiyo barafu yetu ni ya maji ya kunywa, tunagandisha usiku kwenye bakuli za plastiki, na haiingii ndooni kamwe, inatiwa kwenye glasi mteja akiwa amesimama. Hivyo ndoo haipoozi ladha jioni ikifika, na asiyetaka baridi anapewa yake bila kujazwa mafua. Mimi hutoza barafu hiyo shilingi 30 kwa siku, kwa ajili ya stima.

Kuhusu kununua, kila mtu aliniambia niende soko la Kongowea, huko ndiko bei ya jumla. Tukaenda Jumamosi alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, tukapata ndimu 60 kwa 200. Njiani kurudi, ndani ya matatu, kapu la ndimu mapajani, binti akafungua daftari akaandika nauli: 100. Kesho yake tukatembea kwa miguu mpaka soko la Marikiti. Ndimu 60, tano tano: 300. Akanitazama. "Mama, ni sawasawa." Sawasawa kabisa, ila Kongowea ilikula asubuhi yetu nzima. Kwa anayechukua gunia, Kongowea haina mshindani. Kwa ndoo moja, soko la karibu na miguu yako. Hilo sikumfundisha mimi, alilisoma kwenye karatasi yake mwenyewe.

Basi hesabu ya siku ya kawaida ikawa hivi: ndimu 150, sukari 170, maji 50, barafu 30, tangawizi 20, sabuni 10. Jumla 430. Akiuza glasi 36 anapata 720, faida 290. Siku nyingine inafika 350, siku nyingine 100 haifiki. Siku za hasara nazo zina ukurasa wao.

Saa nazo zilitusumbua. Mwanzoni alikuwa anatoka saa sita mchana, kwa hoja kwamba jua ni kali na watu wana kiu. Jua la Desemba na Januari kwetu ni kali kiasi kwamba hakuna anayepita. Watu wamejilaza ndani na mapanka. Tulijifunza kwa kumtazama muuza kahawa. Yeye hatoki hovyo. Anajua baraza gani ina wazee baada ya alasiri, madrasa gani inatoa watoto saa ngapi, na kabla hajafika tayari unasikia vikombe vinavyogongana mkononi mwake. Sasa ndoo inatoka saa kumi, inarudi ndani kabla ya magharibi, na kijiko kinagongwa kwenye bilauri, ting ting, watoto wa madrasa wanapofungua mlango. Kwao kuna kikombe kidogo cha shilingi 10, kwa sababu hiyo ndiyo sarafu walio nayo. Ubao wa bei ameuandika mwenyewe: SIMBA kwa kikombe kidogo, NDOVU kwa glasi, kwa sababu ya wanyama walioko kwenye sarafu mpya za 10 na 20. Mwenye sarafu ya zamani yenye sura ya rais hakataliwi, ila anataniwa.

Chenji iandaliwe asubuhi, angalau shilingi 200 za vipande vipande. Noti ya elfu mkononi mwa mtoto ni mtihani. Nilimwambia asiipokee, aje aniite.

Lakini pesa iliyopotea vibaya zaidi haikupotelea barabarani. Wateja wengine hawatembei na sarafu, wakawa wanatuma kwa M-Pesa kwenye simu yangu. Nami kwenye simu yangu nanunua tokeni za stima, nalipa bodaboda, nanunua mkate. Mwisho wa wiki binti akauliza pesa zake za simu ziko wapi, nikashikwa na kigugumizi kama karani aliyekamatwa. Glasi 14, shilingi 280, zilikuwa zimeshakuwa umeme. Nikalipa. Sasa kila ujumbe ukiingia namsomea, anaandika, na jioni nampa taslimu kabla sijala. Wazazi, mkiangalia vizuri mtakuta mwizi wa biashara ya mtoto analala chumba cha mzazi.

Mnaoniuliza juu ya askari wa kaunti, wale wanaokagua wachuuzi: ukitoka barazani kwako ukaenda pahala pa umma kama bustani ya Mama Ngina, hapo umeshakuwa mfanyabiashara kama wengine. Kuna kibali cha kaunti, na anayeshika chakula anatakiwa cheti cha afya. Sikumpeleka mtoto huko na sina mpango. Barazani, mimi au bibi yake tunakuwa pale pale, hata kama tunajifanya tunachagua mchele. Na siku asiyotaka kuuza, ndoo inalala. Kuna mzazi hapa mtaani alimgeuza mwanawe mfanyakazi baada ya kuona pesa, mtoto akachukia hata harufu ya ndimu.

Mvua za masika zilipoanza, glasi zikashuka hadi 11, kisha 7. Nilidhani ndio mwisho. Yeye akakaa na bibi yake jikoni siku mbili, akatoka na chupa ya chai: maji ya moto, ndimu, tangawizi nyingi, asali. Dawa. Wazee wa barazani wanainunua kwa vikombe vya kahawa, shilingi 10, na kwa kuwa kikombe ni kidogo sana sikuamini faida yake mpaka nilipoona daftari. Asali ndiyo inayomla, sasa anatafuta aliye na bei nzuri.

Jana nililifungua daftari hilo bila yeye kuwepo, nitafute hesabu ya kuandika hapa. Ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu: "Mama, dawa vikombe 6, shilingi 60. Siku ya tatu hajalipa."