Shangazi Anajibu: Kadi za Watu 300, Ruhusa ya Watu 20

SWALI: Shangazi, shikamoo. Harusi yetu ni mwezi wa nne mwaka huu wa 2021. Ukumbi tumeulipia nusu, na kadi za watu 300 zimeshachapishwa. Sasa masharti ya korona yanaruhusu watu 20 tu. Mama anataka tuahirishe, na hii itakuwa mara ya tatu. Mchumba wangu anasema hasubiri tena. Na bibi aliyenilea ana miaka 79, kifua kinamsumbua, lakini siwezi kuolewa bila yeye. Tufanyeje?
Bibi harusi mtarajiwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Olewa mwezi wa nne. Kinachoahirishwa ni sherehe. Ndoa inawahitaji ninyi wawili, mfungishaji na mashahidi. Wale 300 ni wa sherehe, na sherehe inaweza kungoja mwaka mzima isiharibike. Mwenye ukumbi usimwambie mmeghairi. Mwombe asogeze tarehe, fedha mliyotoa ibaki palepale, na akubali kwa maandishi.

Kuhusu bibi nitakuwa mkali kidogo. Tarehe 7 Agosti 2020, kule Maine, Marekani, watu 55 walihudhuria harusi. Mlangoni walipimwa joto na hakuna aliyeonekana kuwa na homa. Barakoa wengi hawakuvaa. Wachunguzi walipofuatilia walihesabu wagonjwa 177 waliotokana na mkusanyiko ule, na 7 kati yao wakafariki. Katika hao saba hakuna hata mmoja aliyekanyaga harusini. Virusi vilibebwa na waliokuwepo hadi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na hata gerezani. Mama yako msomee habari hii, kisha wewe na yeye mjiulize kama kumpima bibi joto mlangoni kungetosha.

Mwanangu wa kwanza alioa Septemba mwaka jana, uani kwetu, tukiwa watu 12. Mama yangu, mwenye miaka 81, alitazama kwa simu akiwa kwake. Simu tuliiegemeza kwenye kiti, tukaona tumemaliza kazi. Wakati wa viapo upepo ukavuma, naye akaona midomo inacheza tu, hasikii neno. Usiku ule maharusi walimpigia, wakavirudia viapo vyote kwa ajili yake peke yake, bado wamevaa nguo za harusi. Alilia, nasi tukalia. Kwa hiyo mteue mtu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni simu na si kitu kingine: aishike karibu na wanaoapa, aijaribu jana yake mahali palepale na saa ileile, awe na chaja. Na kwa bibi awepo mtu anayeishi naye, wa kumshikia simu na kumweleza nani ni nani. Ukitaka akuone kwa macho yake, pita kwake na gauni lako, usimame nje, naye akae dirishani.

Orodha ndiyo itakayokuumiza zaidi. Usichague mtu mmoja mmoja, utagombana na ukoo mzima. Kata kwa mstari: wazazi, ndugu wa tumbo moja, mashahidi, basi. Mstari ukipita hapo, shangazi yako na shangazi wa mumeo wote wako nje, hakuna aliyeonewa. (Ndiyo, hata mashangazi. Imeniuma kuandika.) Pia andaeni orodha ya pili, fupi kuliko hiyo, kwa sababu masharti hubadilika ghafla. Huko Uingereza harusi iliruhusiwa kuwa na watu 30, maharusi wakiwemo, kuanzia Julai 2020, na ilipofika tarehe 28 Septemba wakabaki 15. Waliokwisha kualika 30 walikuwa na siku chache tu za kuwaambia nusu yao wasije.

Wale mtakaowaacha, wapigieni simu ninyi wenyewe kabla habari haijawafikia kwa mlango wa nyuma. Sisi tulituma ujumbe mmoja kwenye kundi la familia, tukadhani inatosha. Kaka yangu alikaa miezi minne hazungumzi nami, na nilipomfuata aliniambia hakukasirika kukosa harusi, alikasirika kuarifiwa pamoja na watu 60.

Mkiona hata hao 20 ni vigumu kuwakusanya, mwulizeni mfungishaji wenu sheria inasemaje kuhusu video. Jimbo la New York liliruhusu ndoa za namna hiyo Aprili 2020, lakini si kila mahali panakubali, na ndoa isiyotambulika italeta taabu baadaye kwenye hati.

Bibi usimtumie mjumbe. Mpigie leo jioni, umwambie wewe mwenyewe kwamba hatakuwepo na kwa nini, kisha mwombe akuchagulie rangi ya maua utakayoshika.