Kozi ipi ya ualimu wa wajawazito? Waulize kwanza operesheni wanaifundishaje

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nina watoto wawili. Mimba ya kwanza niliingia leba sijui chochote, chupa ilipopasuka nikadhani nimejikojolea, nikalia kwa aibu kabla hata ya uchungu. Ya pili nilihudhuria darasa la wajawazito na nikajifungua nikiwa najua kila hatua. Toka siku ile natamani kuwafundisha wenzangu, sio kuzalisha maana mi sio mkunga wala nesi, ni kufundisha tu. Nimetafuta kozi mpaka kichwa kinauma, kuna Lamaze, ICEA, Bradley, HypnoBirthing, na zingine ni za onlaini wikiendi moja tu unapewa cheti. Nichukue ipi? Mama Wawili.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kudhani umejikojolea usione aibu nalo kabisa, ndio litakufanya mwalimu mzuri, manake utakuwa unakumbuka mtu asiyejua anajisikiaje.

Sasa kwenye kozi. Watu wengi wanaanza kwa kuuliza ipi ina jina kubwa, mi naona hapo ndo wanapopotea. Hizo ulizotaja sio vitu vya aina moja. Kuna wanaokufundisha njia moja ya kuzaa, na kuna wanaokufundisha ualimu. Bradley ni njia, aliianzisha daktari wa Marekani Robert Bradley, baba ndiye anayemsimamia mama, darasa lake kwa kawaida linaenda wiki 12 na msimamo wake ni kuzaa bila dawa. HypnoBirthing ya Marie Mongan, ya mwaka 1989, nayo ni njia, pumzi na kutuliza akili mpaka mwili ulegee. ICEA, chama cha kimataifa cha elimu ya uzazi cha mwaka 1960, haikufungi kwenye njia moja, wao wanasema mama achague mwenyewe akishajua machaguo yote. Lamaze ilianza kama njia, daktari Mfaransa Fernand Lamaze alikwenda Urusi ya Kisovieti mwaka 1951 akaona wanawake wanavyoandaliwa kwa mazoezi ya akili na pumzi akarudi nayo Ufaransa, ikavuka mpaka Marekani na mwaka huohuo wa 1960 wakaunda chama. Watu bado wanadhani Lamaze ni ile pumzi ya hii-hii-huu ya kwenye sinema, lakini siku hizi wanafundisha mambo mapana, uchungu uanze wenyewe, mama atembee, awe na mtu wake pembeni, asisukume akiwa amelala chali, mtoto asitenganishwe na mama. Kupata cheti chao unafanya mtihani na kila miaka 3 unakihuisha.

Sasa we jiulize utamfundisha nani. Kama wanaokuja kwako wengine watazaa kwa operesheni, wengine watataka sindano ya ganzi ya mgongoni, wengine wataanzishiwa uchungu kwa sababu presha imepanda, na ndivyo ilivyo sehemu nyingi duniani, basi kozi inayokupa njia moja tu itakuacha na maneno ya kumwambia mmoja kati yao, wengine utawakodolea macho. Nshamwona mama aliyefundishwa miezi mizima kwamba mwili wake unajua kila kitu, mtoto akakaa vibaya ikabidi apasuliwe, akakaa muda mrefu anaamini amefeli. Hakufeli, aliyefeli ni mwalimu wake. Kwaiyo kabla hujalipa waandikie swali moja tu, mnafundisha vipi kuhusu operesheni? Wakikujibu kwamba ukifuata njia yao hutaihitaji, kimbia mwanangu.

Jaribio lingine nalipenda kwa sababu halidanganyi. Omba sampuli ya notisi zao uangalie wanasema uchungu wenyewe hasa, ule wa kukolea, unaanzia njia ikifunguka sentimita ngapi. Zamani vitabu viliandika 3 au 4. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2018 likasema 5, na madaktari wa uzazi wa Marekani toka 2014 wanahesabu 6. Notisi zikisema 5 au 6 na kueleza kwa nini, hao wanasoma. Zikikwambia 3 na kwamba lazima mama afunguke sentimita moja kila saa la sivyo kuna tatizo, ujue zimenakiliwa toka enzi za bibi yako. Na hiki sio kitu kidogo, manake mama aliyefundishwa hivyo atafika leba mapema mno halafu ataanza kuhesabu saa kwa hofu.

Kuhusu za wikiendi moja, sizikatai zote, kama kujiongezea maarifa sawa. Ila angalia wanakudai nini kabla ya kukupa cheti. Je unahudhuria madarasa ya mwalimu mwingine ukiwa mtazamaji? Je we mwenyewe unafundisha huku mtu anakuangalia na kukukosoa? Kama ni kuangalia vidio na kubonyeza majibu, umejua uzazi lakini hujajua kufundisha. Niliwahi kukaa darasani kwa mtu mwenye vyeti ukutani anasoma slaidi saa mbili nzima, wajawazito wamevimba miguu, hakuna aliyeambiwa hata asimame ajinyooshe!

Na cheti cha ualimu sio leseni ya tiba. Mama akikwambia anaumwa kichwa sana na anaona maruweruwe, au mtoto hachezi tumboni, kazi yako ni kumwambia aende hospitali sasa hivi, sio kumpa zoezi la pumzi. Kozi nzuri inakuonyesha mpaka huo waziwazi. Pia usichanganye na dula, yule anakaa na mama leba, we unamwandaa kabla, ingawa wapo wanaofanya zote mbili.

Nafasi yako ningeanza na kukaa nyuma ya madarasa mawili matatu ya walimu tofauti kabla ya kujisajili popote. Utajua haraka unataka kufanana na nani, kisha muulize yeye alisomea wapi.

SWALI: Mi ni mkunga wa siku nyingi shangazi, kweli na mimi nahitaji kozi ya hivi? Mkunga Mzoefu.

JIBU: Cheti labda hapana, ile sehemu ya ufundishaji ndiyo. We unajua mno, na anayejua mno anaeleza kondo la nyuma kwa dakika arobaini wakati mama alitaka kujua akitapika leba ni kawaida ama la. Ni kawaida, mwambie hivyo kwanza. Kondo baadaye.