Stetimenti ya M-PESA: mbona pesa "zimeingia" na mimi sikutumiwa?

SWALI: Nauza mitumba Gikomba. Nimepakua stetimenti ya mwezi mzima ili nijue nimeuza kiasi gani. Kwanza, nilimtumia fundi wangu 1,000 lakini naona mistari miwili, wa 1,000 na wa 13, na nambari ya risiti ni ileile. Pili, kuna pesa zimeingia zimeandikwa "OverDraft of Credit Party", na huyo simjui. Tatu, jumla ya zilizoingia inazidi daftari langu kwa mbali. Nimeingiliwa?

JIBU: Hujaingiliwa, dada.

La 13 ni jepesi. Kutuma kati ya 501 na 1,000 ada yake ni shilingi 13, na stetimenti huiandika ada kwenye mstari wake pekee. Risiti moja, mistari miwili: mmoja ni pesa ya fundi, mwingine ni makato. Ushuru wa serikali, uliopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, umo ndani ya hiyo 13, kwa hiyo usiutafute kwingine. Ukilipa kwa till, yaani nambari ya malipo ya duka, huoni mstari wa pili, kwa kuwa ada ya till haimwangukii mnunuzi.

Sasa huyo usiyemjua. Ni Fuliza, huduma ya M-PESA inayokukopesha pale salio lisipotosha, na "Credit Party" anayetajwa hapo, yaani anayepokea, ni wewe mwenyewe. Tuseme salio lako ni 150 na unataka kulipa 400 kwa till. Fuliza inakujazia 250. Kwa mashine, hizo 250 zimeingia kwenye akaunti yako kabla ya kutoka, basi inaziweka safu ya "Paid In" (zilizoingia), pamoja na pesa za wateja wako. Juu yake kuna ada ya asilimia 1, hapa shilingi 2.50, na ada ya kila siku kulingana na ukubwa wa deni. Mteja akikutumia 1,000 jioni, deni linakatwa papo hapo: tafuta "OD Loan Repayment" (marejesho ya Fuliza) safu ya "Withdrawn" (zilizotoka). Ndiyo maana unaona 1,000 imeingia na salio halifiki hapo.

Hapo ndipo daftari lako na stetimenti vinapoachana. Ukifuliza 250 mara ishirini kwa mwezi, safu ya zilizoingia imevimba kwa 5,000 ambazo hakuna mteja aliyezileta. Pesa ulizotoa M-Shwari, akaunti ya akiba iliyounganishwa na M-PESA, nazo huhesabiwa zimeingia, ingawa ni akiba yako ikirudi nyumbani, na hata muamala uliorudishwa. Nimeona watu wakipeleka jumla hiyo kwa afisa wa mkopo wakiiita mauzo, kisha wanashangaa akianza kufuta mistari kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo usichukue jumla ya ukurasa wa kwanza. Pitia safu ya maelezo, toa kila mstari wa OverDraft, wa M-Shwari na wa pesa zilizorudishwa. Zinazobaki linganisha na daftari. Kwenye matumizi, marejesho ya Fuliza usiyaandike yote kuwa gharama: ile 250 ulishaihesabu uliponunua mzigo. Gharama ni ile ziada tu. Deni la leo utaliona kwa *234#.

Zikibaki pesa usizozielewa hata baada ya hapo, niandikie tena, ila ufiche majina na nambari za wateja.