Sarafu yangu ya kale inatoa unga wa kijani

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Wiki tano zilizopita nilikuwa shambani na ditekta yangu ya metali, kwa ruhusa ya mwenye shamba, nikachimbua sarafu ya shaba kwenye kina cha kama shibiri moja. Ina kichwa cha mtu na mabaki ya maandishi, na mwenzangu ananiambia huenda ni adimu. Niliiloweka kwenye siki usiku kucha ili herufi zionekane, ikatoka safi. Sasa imeota madoa ya kijani kilichopauka, ukiyagusa yanapukutika kama unga. Nimeyafuta mara tatu, yanarudi. Je, ni kutu ya kawaida? Na nitajuaje kama kweli ni adimu?

JIBU: Usiifute mara ya nne. Hiyo si kutu ya kawaida. Sisi wahifadhi wa metali tunaiita ugonjwa wa bronzi (bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, lakini shaba tupu nayo huugua), na chanzo chake kiko chini, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki.

Shaba iliyolala ardhini muda mrefu hujifunika utando mgumu wa kijani kilichokolea, kahawia au mweusi. Utando huo ni rafiki. Mara nyingi ndio uliobeba sura na herufi, kwa kuwa metali iliyokuwa chini yake imekwisha kuliwa. Ukiugusa kwa ncha ya kijiti cha meno haubanduki. Wako unapukutika, na hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Udongo una chumvi, na kloraidi iliyomo kwenye chumvi hiyo hupenya hadi kwenye shaba na kujificha chini ya utando kama kloraidi ya shaba, ile ya aina isiyotulia. Ardhini, penye oksijeni kidogo, huenda ikalala karne nyingi. Ukiifukua na kuiacha kwenye hewa yenye unyevu, inaamka: inageuka unga wa kijani kilichopauka, na katika kugeuka huko inazaa asidi ya haidrokloriki. Asidi inaila shaba iliyo jirani ambayo bado ni salama, kloraidi mpya inazaliwa, nayo inageuka unga. Mzunguko huo unaendelea mpaka ukatwe. Unga huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, ndiyo maana unajisukuma juu kama kichuguu, na ukidondoka unaacha kishimo.

Siki haikuleta ugonjwa, ila iliufungulia mlango. Iliyeyusha utando uliokuwa ukiziba, hewa ikafika ndani. Limau na vile vinywaji vya soda hufanya vivyo hivyo. Sikucheki: nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuing'arisha sarafu kwa dawa ya meno, nikafuta mwaka wake kabisa, na mwaka ndicho kitu pekee kilichokuwa na maana juu yake.

Sasa fanya hivi, leo. Ikaushe vizuri, uiweke ndani ya chombo kinachofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya punjepunje za silika vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Viwe vikavu, maana vilivyokwisha kushiba unyevu ni mapambo tu. Kama unaweza kupata kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, kiweke humo humo: ukiushusha chini ya asilimia 40, mchakato karibu unasimama. Usitumie vile vifuko laini vya plastiki ya PVC vinavyonata vidoleni. Vinachakaa na kutoa vitu vinavyoishambulia shaba. Vya polyester au polyethylene ni salama.

Unga uliopo uchokoe kwa kijiti cha mbao, taratibu, ukitazama kwa lenzi. Wengine huloweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa na kuyabadilisha kwa wiki kadhaa ili kuvuta kloraidi nje. Inasaidia kiasi, lakini iliyojificha kwenye vishimo haitoki kirahisi, na ukiitoa majini bila kuikausha vilivyo umerudi pale pale. Katika maabara tunatumia kemikali iitwayo benzotriazoli, iliyoyeyushwa kwenye alkoholi, mbinu iliyoanza kuenea baada ya 1967. Haiondoi kloraidi, inaifunga tu isifikiwe na unyevu. Ina sumu, sikushauri uichezee nyumbani. Ukikuta kwamba sarafu ina thamani, mpelekee mhifadhi wa makumbusho, tena umwambie ukweli kuhusu siki.

Watu huniuliza pia kama ugonjwa huu unaambukiza sarafu nyingine. Karne ya 19 walikuwapo wanasayansi walioshuku bakteria. Hakuna bakteria, ni kemia tupu. Hata hivyo mimi huitenga sarafu inayougua, kwa sababu unga ukidondokea shaba nyingine penye unyevu, umeibebea kloraidi.

Kuhusu uadimu: ditekta haiujui. Inasoma jinsi metali inavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa na umbo lake, basi. Umri nao hautoshi. Sarafu ndogo za bronzi za Kirumi za karne ya 4 zimefukuliwa nyingi mno, ilhali ile ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933, iliyogongwa vipande 445,500, ni adimu kwa sababu karibu zote ziliyeyushwa. Dhahabu, kwa njia, ingekupunguzia taabu hii yote. Mwaka 2021 mtu mwenye ditekta alifukua Devon, Uingereza, peni ya dhahabu ya mfalme Henry III iliyotolewa mwaka 1257, na metali yake haikuwa na kutu ya kuhangaikia. Ilitambuliwa kutokana na picha tu, na Januari 2022 ikauzwa mnadani kwa pauni 648,000. Usianze kupiga hesabu. Yako ni ya shaba na ina vishimo.

Ili itambuliwe, ipime uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, pamoja na kipenyo. Ipige picha pande zote mbili, mwanga ukitokea ubavuni kwa chini, kwani herufi zilizofifia huinuka kwa vivuli vyake. Kisha ishike sarafu yenyewe, kichwa kikiwa wima, uigeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, uandike upande wa nyuma umeelekea wapi. Mpangilio huo ni kitambulisho: baadhi ya viwanda vya sarafu viligonga pande zote zikielekea juu, vingine vikagonga moja kichwa chini miguu juu.

Rudi pia shambani uweke alama pale ulipochimba, bila kuchimba zaidi. Nchi nyingi zina sheria ya vitu vya kale, na kwingine hata sarafu moja inatakiwa kuripotiwa kwa muda maalumu, kwa hiyo uliza kabla hujamwonyesha mnunuzi yeyote. Nitumie vipimo na picha. Maandishi yakisomeka hata herufi tatu, tutapata pa kuanzia.