Nilidhani ni kisirani tu

Kwa miezi minne hivi niliamini mwanangu wa miaka 9 ameingiwa na kisirani. Ukimwambia avae viatu, anabamiza mlango. Mdogo wake akimgusa, ngumi. Nikamkemea, nikamnyima michezo. Sikumwona akilia hata siku moja, na kwangu huzuni ilikuwa machozi, kwa hiyo neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, halikunijia kabisa.

Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mtoto mwenye sonona mara nyingi haonekani mnyonge, huonekana mkali. Hununa, hufoka, au hulalamikia tumbo na kichwa huku vipimo havioni kitu. Kumbe dalili nilikuwa nazo ndani ya nyumba. Aliacha kuchora, yeye aliyekuwa akimaliza daftari zima kwa wiki. Usiku hapati usingizi, asubuhi haamki. Siku moja aliangusha kikombe akasema, "Bila mimi mngekuwa na raha." Nikamjibu, "Acha upuuzi." Jibu hilo linaniuma hadi leo.

Watoto wote hununa, najua. Cha kuangalia ni kama hali imepita wiki mbili, iko karibu kila siku, na imevuruga usingizi, masomo au urafiki. Muulize mwalimu. Mwalimu wa mwanangu alisema mtoto siku hizi hukaa peke yake wakati wa mapumziko. Mimi sikuwa na habari.

Kabla ya kwenda hospitali, andika. Mimi niliandika kwa siku 14 alilala saa ngapi, alikula nini, hasira ilianza baada ya nini. Mzazi aliyechoka hukumbuka ugomvi wa jana tu. Daktari alilisoma daftari lile kwa makini kuliko alivyosikiliza maelezo yangu marefu! Akaagiza vipimo vya damu, maana upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na sonona. Akauliza pia kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, halali na wala hachoki. Usifiche hilo kwa aibu. Ugonjwa wa bipola, unaomrusha mtu kati ya sonona na uchangamfu wa kupita kiasi, huweza kurithiwa katika familia, na dawa ya sonona ikitolewa bila kulijua hilo inaweza kumrusha mtoto upande wa pili, wa kuchangamka kupita kiasi.

Sisi tulianza na mazungumzo ya kila wiki kwa mwanasaikolojia, mimi nikiwemo. Wengine hupewa dawa. Wiki za mwanzo mtoto aangaliwe kwa karibu sana, na dawa isikatishwe bila daktari.

Swali nililoliogopa kuliko yote ni kama anafikiria kufa. Niliogopa nitampandikizia wazo, lakini kuuliza hakupandikizi. Mtoto akikubali, usimwache peke yake, ficha dawa na vitu vyenye ncha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Nilimuuliza tukiwa tunakunja nguo, bila kutazamana. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema, "Kufa hapana. Nilitaka tu kulala nisiamshwe." Tukaendelea kukunja nguo, na kwa mara ya kwanza akaongea mpaka zikaisha.