Maswali Yenu: Nani Alimpa Jina Chura wa Kihansi?

Toleo lililopita nilimtaja chura wa Kihansi kwa mistari miwili tu, barua zikamiminika. Basi mwezi huu ni vyura watupu. Waliouliza habari za popo na nyoka wavute subira.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama, naishi Mlimba, kule unakoshuka mto Kihansi. Binti yangu wa kidato cha tatu amerudi na jina Nectophrynoides asperginis, akaniuliza maswali yaliyonishinda. Nani alimpa yule chura jina hilo? Kwa nini hawakutumia jina la kwetu? Na kwa udogo ule, walijuaje kwamba si mtoto wa chura mwingine tu? — Mama wa Mlimba

JIBU: Marahaba mama, na umpe binti pongezi. Naanza na swali lake la mwisho, maana ndilo zito kuliko yote.

Udogo peke yake hauthibitishi kitu. Jike la chura huyu halifiki sentimita 3, na dume huishia chini ya sentimita 2. Ukimwona juu ya jani lenye maji utasema ni kitoto cha chura yeyote. Mtaalamu hatazami urefu kwanza, anatafuta dalili za utu uzima. Dume anaita? Jike ana mayai, au ana mimba? Kwa chura wa Kihansi jibu lilikuwa wazi kwa macho, kwa sababu ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba mno, na akiwa na mimba watoto huonekana kwa ndani. Hatagi mayai majini kama vyura wengi tunaowajua. Viluwiluwi wake hukulia tumboni, na wanaotoka ni vichura kamili vyenye kama milimita 5 kila kimoja. Mwenye mimba si mtoto wa mtu.

Hapo umethibitisha kwamba ni mtu mzima. Bado hujathibitisha kwamba ni mpya, na hapo ndipo kazi inapochosha. Watafiti walimkuta mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi umeshaanza kujengwa. Jina lilitoka mwaka 1999. Miaka hiyo katikati haikupotea bure. Inabidi kumweka kando ya kila ndugu yake aliyekwisha kupewa jina, kuanzia wa Usambara, Uluguru mpaka Udzungwa kwenyewe, na kuonyesha kwamba hafanani na hata mmoja. Huyu ni wa manjano. Kwa nje haonyeshi sikio, lile duara ambalo vyura wengi wanalo nyuma ya jicho. Ana utando kati ya vidole vya miguu, lakini ncha za vidole hazikupanuka kama za ndugu zake wapandao majani. Sifa moja ingeweza kubishaniwa. Zote kwa pamoja, tena kwa vyura wengi wa bonde hilo hilo la Kihansi, ndizo zilizombeba.

Waliosaini maelezo ni wanne: John Poynton, Kim Howell aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Barry Clarke na Jon Lovett. Hao ndio wenye jina, mama. Kumwona kwanza hakukupi haki ya kumpa jina. Haki hiyo anaipata anayechapisha maelezo yanayoweza kukaguliwa, na kutaja chura mmoja mahsusi, aliyehifadhiwa, kuwa ndiye mbebaji wa jina. Huyo mmoja huitwa holotaipu. Kesho mtu akidai kwamba chura wake ndiye asperginis, ubishi hauishii kwenye picha wala kwenye kumbukumbu za wazee, unakwenda kuamuliwa kwenye ile chupa alimohifadhiwa holotaipu. Kabla ya kustaafu nilitunza chumba cha sampuli, na najua kazi ya kumfungia chura lebo mguuni kwa uzi wakati lebo yenyewe ni ndefu kuliko chura. Mkono ukitetemeka, mguu umekatika.

Jina lenyewe ni Kilatini, maana yake ni “wa manyunyu”. Limemkaa sawasawa. Chura huyu aliishi kwenye eneo dogo la hekta chache tu, pale maporomoko yalipokuwa yakipiga miamba na kurusha rasharasha usiku na mchana, majani hayakauki hata kiangazi. Kisha maji yale yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180. Yaani alipewa jina la manyunyu wakati manyunyu yenyewe yanaondolewa. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza badala ya maporomoko, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa kwenda Bronx Zoo, New York. Bondeni waliongezeka tena kidogo, halafu mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana kwao. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Waliozaliwa Marekani wakaanza kurudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa Kihansi. Nimesikia mizaha mingi kuhusu nchi “iliyohangaikia chura wakati watu hawana umeme”. Wanaotania wangeuliza kwanza kwa nini bonde halikukaguliwa vizuri kabla ya kumwaga zege.

Sasa kuhusu jina la kwetu. Hakuna kanuni inayolizuia. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka herufi za Kilatini na mpangilio wa maneno mawili, lakini neno linaweza kutoka lugha yoyote. Mwaka 2002 chura wa mitini wa milima ya Ukaguru aliandikwa Churamiti maridadi. Sikutunga, ndilo jina lake la kisayansi, na mwanasayansi wa Japani au wa Brazili analitamka hivyo hivyo akipenda asipende. Mwaka huo huo mwingine wa kusini mwa milima yetu akaitwa Arthroleptides yakusini. Mwambie binti ayapeleke hayo mawili darasani.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni mwanachuo. Katika maandishi ya zamani nimekuta Pseudophryne vivipara, na katika mapya Nectophrynoides viviparus (Tornier, 1905). Ni vyura wawili au mmoja? Na kwa nini Tornier amewekwa kwenye mabano, lakini wale wanne wa chura wa Kihansi hawawekwi? — Mwanachuo, Morogoro

JIBU: Ni chura mmoja, mwanangu, na swali la mabano limenifurahisha kwa sababu wengi hudhani ni pambo la mchapaji.

Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama, alikuwa Berlin, na vyura aliletewa kutoka huku wakati Wajerumani wanatawala. Mwaka 1905 alitangaza jambo lililowashangaza wenzake: chura anayezaa. Akamweka jenasi (kundi la spishi za karibu, ndilo neno la kwanza la jina) Pseudophryne, ambayo ni ya Australia. Mwaka 1926 Mmarekani Noble akaunda jenasi Nectophrynoides, na vivipara akahamia huko. Mabano yanakwambia hivyo tu: mtu huyu alitoa jina la pili, lakini jenasi aliyoitumia siyo hii ya leo. Asperginis alizaliwa ndani ya Nectophrynoides na hajahama, ndiyo maana majina ya wale wanne yako wazi. Mwisho wa neno nao umebadilika kutoka -a kuwa -us kwa sababu Kilatini kina upatanisho, kama sisi tusemavyo kiti kizuri lakini meza nzuri.

Jenasi yenyewe imepunguzwa pia. Zamani ilichukua vyura wa mlima Nimba huko Afrika Magharibi na wengine wa Ethiopia, lakini miaka ya 1980 Mfaransa Alain Dubois akawatenga, kwa kuwa uzazi wao na maumbile yao vilipishana na vya wa kwetu. Wa Ethiopia hutaga mayai. Wa Nimba huzaa, lakini kwa namna nyingine kabisa. Waliobaki Nectophrynoides wote ni wa Tanzania.

Usidhani haya ni mambo ya makabati tu. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umeiweka jenasi nzima ya Nectophrynoides kwenye Kiambatisho cha Kwanza, maana yake biashara ya kimataifa ya vyura hao hairuhusiwi. Wale waliotengwa ilibidi jenasi zao mpya ziandikwe nazo. Ukihamisha jina bila kuhamisha orodha, unamwachia mlanguzi mlango.

Na huyo viviparus hajatulia hata sasa. Kwa muda mrefu kila chura wa Nyanda za Juu Kusini mwenye matezi makubwa na anayezaa alitupwa kwenye jina hilo. Novemba 2025 wakachapishwa watatu waliotengwa naye: Nectophrynoides saliensis, N. luhomeroensis na N. uhehe. Kilichowezesha hilo ni vinasaba vilivyotolewa kwenye vyura wa makumbusho waliokusanywa zaidi ya miaka 120 iliyopita. Ilibidi warudi kwa wazee wale, kwa sababu huwezi kugawa jina kabla hujajua mwenye jina wa kwanza ni yupi kati ya makundi manne. Siku hizi kipande cha nyama huwekwa pembeni kabla chura hajaguswa na formalini, ile dawa ya kuhifadhia miili, maana formalini huharibu vinasaba. Tornier hakuwa na habari hizo, na waliosoma vinasaba vya karne iliyopita wamefanya kazi ya kuunga vipande vipande.

SWALI: Mwalimu, tumebishana kijiweni. Chura mdogo kuliko wote duniani ni yupi? Mimi nasema wa Kihansi. — Dereva wa Tanga

JIBU: Umeshindwa, ndugu yangu, tena kwa mbali. Kuna Paedophryne amauensis wa Papua New Guinea, wastani wa milimita 7.7, aliyepewa jina mwaka 2012 kwa kijiji cha Amau. Waliompata walimsikia kabla ya kumwona. Alilia kama mdudu, wakajaribu kumtafuta wakashindwa, mwisho wakazoa majani makavu, wakayatia kwenye mfuko wa plastiki na kuyapekua moja moja mpaka kikaruka kitu. Taji alilivaa miaka kama kumi na miwili tu. Brachycephalus pulex wa Bahia, Brazili, alikuwa na jina tangu 2011, na mwaka 2024 vipimo vya madume wengi vikatoa wastani wa kama milimita 7, mmoja akiwa na 6.45. Pulex ni kiroboto. Aliyelipa soda arudishiwe.

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni mzee wa Muheza. Chini ya migomba yangu, upande wa kupanda Amani, kuna chura wa kahawia asiyezidi ukucha wa dole gumba. Vijana hawamjui. Nimemtia mmoja kwenye chupa ya gongo. Nataka apewe jina la marehemu bibi yangu. Nifuate utaratibu gani? — Mzee wa Muheza

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naomba usimtie mwingine kwenye gongo. Kwanza yenyewe haramu, pili hujui nguvu yake, na chura aliyelowekwa bila kukaushwa umbo kwa dawa atakuwa ujiuji. Zaidi ya hayo, kukusanya wanyamapori kwa utafiti kunataka kibali, na njia yake inapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Hata maprofesa hupanga foleni.

Kutojulikana na vijana si kutojulikana na sayansi. Amani ni mahali ambapo vyura wamechunguzwa tangu enzi za Wajerumani. Kwa maelezo yako, namshuku mmoja wa jenasi Arthroleptis, vyura wa majani makavu ambao hawahitaji dimbwi kabisa, kwa sababu mayai yao hutagwa ardhini na kutoa vichura moja kwa moja. Mtazame aliye hai jioni baada ya mvua, bila kumshika sana. Kwa dume wa jenasi hiyo, kidole cha tatu cha mkono ni kirefu kupita kiasi, utadhani kimekosewa. Ukikiona, jenasi umeshaipata. Spishi ni kazi nyingine, na wadogo wale hata wataalamu hutofautiana juu yao.

Kuhusu bibi, njia ipo. Anayechapisha ndiye anayechagua, na kama chura akithibitika mpya na mtafiti akakubali, jina la mwanamke huishia na -ae, la mwanamume -i. Kuna chura wa Usambara Mashariki anayeitwa Nectophrynoides frontierei kwa heshima ya shirika la Frontier, basi sembuse bibi. Ila usiombe liwe jina lako mwenyewe. Kanuni hazikatazi, lakini watu watakucheka.

Nitumie kwanza hivi: picha ya mgongo, ya tumbo na ya mkono wa mbele, rula ikiwa kando, sauti yake ukiinasa kwa simu, hata nusu dakika, tarehe, saa, na umbali kutoka mto au barabara. Usisahau kuandika kama alikuwa juu ya jani la mgomba au chini yake kwenye takataka, kwa sababu hilo litanipunguzia majina mengi ya kupekua. Halafu mwache aende zake.